Kuunganisha noleo na mpini wa kisu mpaka ukucha uteleze

Pitisha ukucha pale noleo linapokutana na mpini. Ukikwama hata kidogo, kazi haijaisha. Noleo ni ile pete ya shaba iliyo baina ya bamba na mpini, na mwanya hapo hauharibu sura tu. Hapa Pemba hewa ina chumvi, na kisu cha kuchinjia huoshwa kila mara. Maji yakipenya, msuka, yaani ule ulimi wa chuma uliozama ndani ya mpini, huliwa na kutu pasipoonekana. Kutu huvimba, mpini hupasuka.

Anza na mti mkavu. Niliwahi kutia mpini wa mwembe uliokuwa bado na ubichi. Siku ya kukabidhi ukucha uliteleza. Kaskazi ilipoingia mti ukanywea, shaba ikabaki imetokeza kama ukingo wa sahani. Nilikirudia kisu kizima bila malipo. Siku hizi, uwe mfenesi au mpingo, kipande nakiweka ndani na kukipima uzito kila baada ya muda. Kinapoacha kupungua ndipo nakikata.

Hatua ya 1. Gundisha msasa namba 220 juu ya kioo kinene. Sugulia hapo uso wa nyuma wa noleo, kisha uso wa mbele wa mpini. Mkono ukiyumba, kingo huliwa na katikati hubaki juu, na mwanya unatokea pembeni panapoonekana. Kwa hiyo mimi huchimba kidogo kwa patasi kuzunguka tundu la msuka, nikaacha ukingo wa kama milimita 4. Ukingo ndio unaogusana na shaba. Katikati gundi hupata pa kukaa.

Hatua ya 2. Hii ndiyo kazi yenyewe, usiifanyie pupa. Washa koroboi, fukiza uso wa noleo mpaka uwe mweusi kwa masizi. Livike kwenye msuka, sukuma mpini kwa mkono, kisha chomoa. Mti ulipopata weusi ndipo palipoinuka. Paguse kwa tupa laini mara mbili tatu, rudia. Mara ya kumi si nyingi. Weusi ukishazunguka ukingo mzima, inua kisu dirishani: mwanga usipite. Gundi haizibi uzembe wa hatua hii.

Hatua ya 3. Toboa matundu mawili ya milimita 2 nyuma ya noleo, yasitokeze mbele, na mengine yanayolingana nayo kwenye mpini. Tia vijiti vya shaba. Sasa kila ukivitenganisha vitarudi palepale.

Hatua ya 4. Funga bamba kwa kitambaa kizito, libane kwenye jiliwa, kisha chonga noleo na mpini vikiwa pamoja, bila gundi, kama kitu kimoja. Tupa ivuke kiungo kila inapopita. Bakisha nusu milimita.

Hatua ya 5. Futa masizi na mafuta yote kwa spiriti, tia gundi ya kuchanganya mbili, bana, pangusa inayotoka. Acha saa 24.

Hatua ya 6. Mti huliwa upesi kuliko shaba. Msasa ukishikwa kwa vidole huzama kwenye mti na kuacha ngazi. Uzungushie kibao kigumu au kipande cha chuma, hata kama wazee walisugua kwa majani ya mti wa msasa, uliotupa jina hili. Nenda namba 220, 400, kisha 600, na usibadilishe namba kabla mikwaruzo ya kwanza haijafutika. Shaba ikiwa moto wa kutoshikika, simama, maana gundi inalainika. Mti mweupe pia piga brashi mara kwa mara, vumbi la shaba lisiutie weusi.

Paka mafuta ya kitani, kilaze usiku mmoja. Asubuhi pitisha ukucha tena, kutoka shaba kwenda mti na kurudi, mgongoni, tumboni na mbavuni. Penye kukwama, rudi namba 400 na kibao chako.