Embe la asubuhi kwa watoto wadogo
Wazazi wenzangu wa Tabora, msimu wa maembe ukifika msimwache mtoto aende chekechea na chai tupu. Menya embe bivu, kata vipande virefu vya kushikika, vipange kwenye sahani kama miale ya jua. Katikati weka ndizi mbivu iliyopondwa na karanga za kusaga. Macho na mdomo apachike mwenyewe kwa papai, maana alichokitengeneza kwa mikono yake hukila bila kubembelezwa. Karanga nzima asipewe aliye chini ya miaka 5, atapaliwa. Na asali yetu, tamu kweli, lakini aliye chini ya mwaka 1 asilambishwe hata kidogo: inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvidhibiti. Huyo, akishatimiza miezi 6, mpondee embe peke yake.