Yaseme Kabla ya Ganzi

Siku niliyong'olewa gego langu la mwisho, la chini upande wa kulia, kinywani mwangu walichungulia watu wanne. Mmoja tu ndiye aliyejitambulisha. Watatu waliobaki nilijua ni wanafunzi kwa weupe wa makoti yao, na kwa jinsi walivyopishana kama wanaochungulia kisima. Nikataka kuuliza nani kati yao atalishika koleo. Lakini ganzi ilikuwa imeshaingia, mdomo wa chini si wangu tena, na kilichotoka ni "ngaa ngaa" tu. Nikajibiwa kwa upole kabisa: "Usiogope, mama." Sikuwa naogopa. Nilikuwa na swali.

Ilikuwa hospitali moja ya hapa hapa Dar, na jino lilitoka salama. Ila tangu hapo, ndugu au jirani akiniambia anakwenda kung'oa jino, namwambia hivi: kila ulicho nacho kiseme kabla ya sindano, maana baada ya hapo utakuwa bubu kwa saa kadhaa.

La kwanza la kusema ni ugonjwa wako na dawa zako. Wengi wetu tukiulizwa "una tatizo lolote?" tunajibu "hapana, ni jino tu." Kumbe presha, sukari, moyo, siko seli na ujauzito vyote vina neno na jino. Presha ikiwa juu sana, kazi huahirishwa, usikasirike. Anayetumia warfarini au aspirini ya kila siku damu yake huchelewa kuganda, kwa hiyo daktari anahitaji kujua mapema, lakini usiache dawa hizo kwa uamuzi wako mwenyewe. Wapo pia wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa au za saratani zilizofika kwenye mifupa. Hao taya linaweza kugoma kupona baada ya kung'oa, na pengine hata wao hawajui kama jambo hilo linahusu meno. Dawa zikikushinda majina, beba maboksi yake yote uyaweke mezani. Mwili wako ukikataa penisilini, liseme hata kama hujaulizwa.

Sema na ulichokwisha kujitibu nacho. Karafuu si neno. Ila kuna anayeponda aspirini na kuipachika kwenye fizi, ikamuunguza akabaki na kidonda cheupe. Mwingine ameweka ugoro, mwingine maji ya betri. Daktari akikuta fizi imeungua bila kujua kisa chake, atapoteza muda kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kuhusu kula: kama ni ganzi ya sindano kinywani, kula kwanza, hasa mwenye sukari. Watu wanafunga tangu alfajiri kwa hofu, wanakaa kwenye benchi mpaka saa sita mchana kwenye joto hili letu, kisha wanazimia kwenye kiti na lawama inaangukia sindano. Kama utalazwa usingizi kabisa, hapo ndipo unafunga, kwa saa utakazopangiwa.

Sasa wanafunzi. Ukipewa rufaa kwenda Upanga, ujue unakwenda panapofundishwa: Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kiko eneo moja na Hospitali ya Taifa. Shahada ya udaktari wa meno husomwa miaka 5, halafu unafuata mwaka 1 wa interni, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, na atakayetaka ubingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso anarudi tena darasani. Kwa hiyo aliyevaa koti jeupe mbele yako anaweza kuwa mwanafunzi, interni, daktari anayesomea ubingwa au bingwa mwenyewe, na koti halisemi. Sisi kwetu wote ni "dokta", na hapo ndipo tunapojifunga mdomo wenyewe.

Mwanafunzi haanzii kwako. Huanza na vichwa vya plastiki vyenye meno bandia, akaja kusimama pembeni kutazama, akafika hatua ya kushika taa na kufyonza mate, na mwisho ndipo anapopewa sindano na koleo huku msimamizi akimwangalia. Ana kitabu cha kusainiwa kwa kila kazi aliyoifanya, na bila idadi inayotakiwa hamalizi. Jambo hili mgonjwa alijue: jino lako kwake ni jino na ni saini pia. Si dhambi, kila fundi alianza hivyo. Lakini ni sababu ya kutosha ya kuuliza.

Uliza kwa adabu, wala huhitaji ukali: "Samahani dokta, leo nitahudumiwa na nani? Uko mwaka wa ngapi? Msimamizi atakuwa humu ndani?" Swali hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Msimamizi aliye chumba cha pili akisaini makaratasi si msimamizi wa jino lako. Ujue pia kwamba kukubali kutazamwa si kukubali kushikwa. Unaweza kusema waangalie wote, lakini aliyebobea ndiye ang'oe. Unaweza hata kukataa kutazamwa, na huduma yako ikabaki pale pale. Fomu ya ridhaa isome. Ukiletewa umeshalala kwenye kiti, kaa kitako kwanza.

Mimi msimamo wangu ni huu. Jino la juu linalocheza, mwanafunzi na aje, nampa kwa moyo mweupe. Gego la chini lililolala ubavu ndani ya mfupa, hapana. Hilo hupasuliwa fizi, mfupa hupunguzwa kwa mashine, na jino lenyewe hukatwa vipande. Chini yake ndani ya taya unapita mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo na kidevu. Ukiguswa vibaya unaweza kubaki na ganzi ya wiki, ya miezi, na kwa wachache ya kudumu. Ndiyo maana unapigwa picha ya mionzi kwanza. Omba uonyeshwe: jino hili hapa, mshipa huu hapa. Anayeweza kukueleza picha hiyo kwa Kiswahili cha kawaida ananipa imani kuliko mwenye vyeti ukutani.

Nisiwanyime wanafunzi haki yao, lakini. Aliyenipima presha mara mbili siku ile, akakaa kuniuliza dawa moja moja mpaka aspirini ya mume wangu niliyokuwa nameza kwa maumivu ikajulikana, alikuwa mwanafunzi. Daktari mwenye foleni ya watu arobaini nje hana dakika hizo.

Kabla ya sindano kubalianeni ishara. Nikinyanyua mkono wa kushoto, simama. Ganzi huondoa maumivu ila haiondoi kusukumwa, na mlio wa jino likiachia mfupa utausikia kichwani kama kuni zinavunjwa. Huo ni wa kawaida. Maumivu makali si ya kawaida. Penye usaha ganzi hushika kwa shida, na ni haki yako kuongezewa. Na yule shangazi anayesema jino la juu likitoka na jicho linakwenda, mwache. Mshipa wa fahamu wa jino si wa jicho.

Gharama uliza zote kwa mpigo: faili, picha, kung'oa, dawa, na kama kadi ya bima inagusa kila kimoja.

Maelekezo ya nyumbani nayo yapokee mapema, yakiwa yameandikwa. Gozi, kile kitambaa cheupe kinachowekwa juu ya tundu, unaing'ata nusu saa bila kuifungua kila dakika kuchungulia. Siku ya kwanza husukutui, hutemi kwa nguvu, huvuti sigara wala hufyonzi kwa mrija, hata dafu. Mfyonzo huo unaling'oa bonge la damu linalofunika tundu. Uji na mtori viwe vya vuguvugu. Baada ya saa 24 ndipo maji ya chumvi. Uvimbe hupanda mpaka siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Maumivu yakianza upya siku ya tatu pamoja na harufu mbaya, rudi, tundu limekauka, bonge lake la damu limetoka. Uvimbe ukiteremka chini ya kidevu, ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usisubiri kuche. Uliza kabla hujaondoka: usiku naelekea mlango gani?

Na nenda na mtu. Mimi nilirudi peke yangu kwa daladala, gozi mdomoni, na kituo changu nikakipita huku nikimtolea konda macho. Mdogo wangu alipokwenda kung'oa lake nilimsindikiza. Ndani aliuliza maswali yake yote mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa moja, njiani kurudi, kumwambia konda "shusha".