Kuseti mashine yenye mitandao miwili bila intaneti kukata

Hii shida inasumbua watu wengi sana, una kompyuta iko kwenye Wi-Fi na intaneti iko poa, afu unachomeka kebo ya mtandao wa ndani ule wenye printa na seva ya mafaili, ghafla intaneti imekufa. Ukichomoa kebo inarudi. Hapo mtu anaanza kubadilisha DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani), anazima fayawoli, wengine wanaamua kila siku kuchomoa na kuchomeka kebo, wakati mara nyingi tatizo ni moja tu: mashine imepewa geitiwei kuu mbili, yani milango miwili ya kutokea nje.

Ukielewa mashine inavyochagua njia, mengine yote ni mepesi. Paketi (kipande cha data) ikitaka kutoka, kerneli, yani kiini cha mfumo, inaangalia inakoenda, afu inatafuta kwenye jedwali la njia ile njia inayolingana kwa karibu zaidi, yani /24 (mtandao mdogo) inaishinda /16 (mtandao mkubwa), na default, yani njia kuu, ndo inaangaliwa mwisho kabisa kama hakuna kingine. Zikiwepo default mbili inachukuliwa ile yenye metriki (namba ya kipaumbele) ndogo. Sasa kwenye Linux, NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, inaipa kebo metriki 100 na Wi-Fi 600, kwahiyo kebo inashinda hata kama huko mwisho wake hakuna intaneti kabisa, mashine haijui hilo, yenyewe imeona namba tu.

Anza kwa kuangalia hali ilivyo:

ip -br addr
ip route

Ukiona kitu kama hiki (enp3s0 ni kadi ya kebo, wlp2s0 ni ya Wi-Fi), mgonjwa wako ndo huyo:

default via 192.168.50.1 dev enp3s0 metric 100
default via 192.168.1.1 dev wlp2s0 metric 600

Kabla hujagusa chochote, hakikisha mitandao yote miwili haitumii anwani zilezile. Kama huku ni 192.168.1.0/24 na kule nako ni 192.168.1.0/24 usipoteze muda na njia, badilisha upande mmoja kwanza, maana mashine haiwezi kujua 192.168.1.20 unayoitaka ni ya wapi.

Dawa yenyewe ni kuiambia ile kebo isiwe njia kuu, afu uitajie mitandao inayopatikana kupitia kwake. Tuseme profaili ya kebo (seti zake ndani ya NetworkManager) inaitwa "ndani" na nyuma ya rauta yake kuna mtandao wa 10.20.0.0/16:

nmcli connection modify "ndani" ipv4.never-default yes ipv6.never-default yes
nmcli connection modify "ndani" +ipv4.routes "10.20.0.0/16 192.168.50.1"
nmcli connection up "ndani"

Hiyo ya ipv6 usiiruke, watu wanarekebisha IPv4 tu afu wanashangaa tovuti baadhi zinafunguka na nyingine zinaganda. Ila mtandao wa 192.168.50.0/24 wenyewe hauhitaji kuandikiwa njia, kadi ikishapata anwani ya huko njia inajiweka yenyewe, unaandika ile tu iliyo nyuma ya rauta. Afu jaribu:

ip route get 10.20.3.7
ip route get 1.1.1.1

Amri hii haitumi paketi yoyote, inaiuliza kerneli tu ingepitia wapi. Ya kwanza ikijibu enp3s0 na ya pili wlp2s0 umemaliza upande wa njia.

Kinachobaki ni majina. Unaweza kuping 10.20.3.7 vizuri kabisa ila jina la seva halifunguki, ni kwamba swali la DNS linaenda kwa rauta ya Wi-Fi ambayo haijui majina ya ndani. Kama mashine inatumia systemd-resolved, huduma ya Linux inayotafuta majina (jaribu resolvectl status), weka DNS ya ndani kwa majina ya ndani tu:

nmcli connection modify "ndani" ipv4.dns 10.20.0.53 ipv4.dns-search "~ofisi.internal"

Hiyo alama ya ~ ina maana majina yanayoishia hivyo yaulizwe huku. Washa profaili upya ndo ishike.

Kwenye Windows mambo ni yaleyale, anwani kama umeiandika kwa mkono basi sehemu ya geitiwei kwenye kadi ya ndani iache wazi, afu fungua terminali kama msimamizi:

route -p add 10.20.0.0 mask 255.255.0.0 192.168.50.1

Bila -p njia inapotea ukizima mashine.

Seva yenye intaneti mbili ni habari nyingine, na hapa ndo panahitaji utulivu. Mtu wa nje anaingia kupitia kadi ya eth1 lakini jibu linatokea kadi ya eth0 kwa sababu default iko huko, likiwa na anwani ya eth1, na mtoa huduma wa eth0 analitupa kwa kuwa anwani si ya kwake. Hapo unahitaji jedwali la pili (anwani weka zako):

ip route add default via 203.0.113.1 dev eth1 table 100
ip rule add from 203.0.113.10 table 100 priority 1000

Yani chochote kinachotoka na anwani hiyo kirudi mlango ulioingilia. Ukishaona imekubali iandike kwenye Netplan (mfumo wa seti za mtandao wa Ubuntu) au NetworkManager, maana hizi zinafutika ukiwasha upya. Kama uko mbali na seva umeingia kwa SSH (njia ya kuiendesha kupitia mtandao) na unatumia Netplan, tumia netplan try, isipothibitishwa ndani ya sekunde 120 inarudisha seti za zamani, inakuokoa usijifungie nje.

Bado haijakubali? Washa tcpdump -ni eth1, inaonyesha paketi zinazopita kwenye kadi. Paketi zikionekana zinaingia ila hakuna jibu kwenye kadi yoyote, angalia rp_filter (kichujio cha kerneli), ikiwa 1 kerneli inatupa paketi iliyokuja kwa kadi ambayo yenyewe isingeitumia kujibu. Weka 2:

sysctl -w net.ipv4.conf.eth1.rp_filter=2

Kuweka 0 kwa eth1 peke yake hakusaidii kama ya "all" (seti ya kadi zote) ni 1, inachukuliwa iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Mwisho washa upya afu rudia ip route. Default mbili zikirudi, piga nmcli connection show --active, utakuta kuna profaili nyingine imeishika hiyo kadi, ifute au izuie isijiwashe.