Tovuti Mpya Haionekani Google? Anza na Ukaguzi Huu

Tuseme tovuti yako ya miche ya parachichi ya Tukuyu iko hewani, lakini ukiitafuta Google haitokei. Andika kwenye Google site: na anwani yako, bila nafasi katikati. Kurasa zikitokea, umeshaorodheshwa. Kupanda juu ni kazi nyingine. Isipotokea kitu, endelea.

Hatua ya 1: Hakikisha hujaizuia mwenyewe

Kama tovuti imejengwa kwa WordPress, ingia Settings, kisha Reading. Penye "Discourage search engines" pasiwe na tiki. Mafundi huiweka wakati wa ujenzi, wakakabidhi kazi bila kuitoa. Halafu fungua anwani yako ukimalizia na /robots.txt. Ukikuta "Disallow: /", mkwaju peke yake, chini ya "User-agent: *", roboti zote, yaani programu zinazosomea Google na wenzake tovuti, zimezuiwa tovuti nzima. "Disallow: /wp-admin/" ni ya kawaida, iache.

Hatua ya 2: Thibitisha umiliki

Fungua Google Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, ni bure. Tumia barua pepe ya mwenye biashara, siyo ya fundi. Mkikosana utabaki mikono mitupu. Chagua "Domain", kwa kuwa inabeba anwani zenye www na zisizo nayo. Utapewa mstari unaoanza na google-site-verification=. Ubandike kwenye DNS (mipangilio ya domeni yako) kama rekodi ya TXT, jina likiwa @.

Wengi hukwama hapa: wanaongeza rekodi walikonunua domeni, kumbe nameserver (seva zinazotunza DNS) zinaelekea kampuni ya hosting, inayohifadhi tovuti. Rekodi iwekwe kule nameserver zinakoelekea. Ikikataa, subiri saa chache ujaribu tena. Ikikubali usiifute, maana Google hurudi kuikagua.

Hatua ya 3: Peleka ramani ya tovuti

Ramani ya tovuti (sitemap) ni faili lenye orodha ya kurasa zako. WordPress kuanzia toleo la 5.5 la mwaka 2020 huitengeneza yenyewe: wp-sitemap.xml. Ukitumia Yoast, programu ya nyongeza ya WordPress, ni sitemap_index.xml. Ifungue kwanza kwenye simu. Ikifunguka, iandike kwenye sehemu ya Sitemaps ndani ya Search Console. Faili moja hubeba hadi anwani 50,000, kwa hiyo duka la Mwanjelwa lisiwe na wasiwasi.

Hatua ya 4: Omba ukurasa usomwe

Bandika anwani ya ukurasa wa mwanzo kwenye kisanduku cha juu cha Search Console, bofya "Request indexing". Fanya hivyo kwa kurasa chache muhimu tu. Inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki. Kubofya kila asubuhi hakuharakishi chochote.

Baadaye soma ripoti ya kurasa. "Discovered – currently not indexed" maana yake Google inaijua anwani ila haijaisoma. "Crawled – currently not indexed" ni nzito zaidi: imesoma, ikaiacha. Mara nyingi ukurasa wenyewe ni mtupu. Mfano ni lile bango la WhatsApp lililopachikwa kama picha, bei na namba ya simu zote ndani yake. Usitegemee Google isome maandishi ya picha. Yaandike: aina ya parachichi (Hass), umri wa mche, bei, kitalu kilipo, usafiri hadi Njombe au Mafinga. Kichwa cha ukurasa kisiwe "Nyumbani" bali "Miche ya parachichi Hass, Tukuyu, Rungwe", kama mkulima anavyotafuta.

Usisahau Bing Webmaster Tools, chombo kama hicho cha Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft. Ina kitufe cha kuleta tovuti yako moja kwa moja kutoka Search Console, na DuckDuckGo, injini nyingine ya utafutaji, huchota sehemu kubwa ya matokeo yake Bing. Anayekudai pesa ili "aiingize Google" anakuuzia fomu ya bure. Mlipe kwa kazi ya kuandika kurasa, kama ataziandika.