Kusafirisha parachichi kutoka Njombe hadi Dar es Salaam kwa lori lisilo na jokofu

Parachichi haliivi likiwa mtini; huanza kulainika baada ya kuchumwa. Kwa hiyo, katika safari ya takriban kilomita 700 kutoka Njombe hadi Dar es Salaam, kila saa unayoipoteza njiani humpunguzia muuzaji wa rejareja muda wa kuuza, naye atakukata bei.

Hatua ya 1: Hakikisha yamekomaa. Chuma machache, uyaweke ndani kwa siku saba hadi kumi. Yakinyauka badala ya kulainika, shamba hilo lisubiri.

Hatua ya 2: Chuma siku moja kabla ya safari. Tumia mkasi na uache kikonyo kifupi, kwa sababu tunda lililonyofolewa hubaki na kidonda ambacho ukungu hupenyea. Usiku panga kreti katika banda linalopitisha upepo. Njombe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na baridi ya usiku huo ndiyo jokofu pekee utakalolipata, tena bila malipo.

Hatua ya 3: Pakia kwa kreti, si kwa magunia. Tunda lililobanwa chini ya gunia huonekana zima mpaka mteja alikate na kukuta weusi. Usijaze kreti kupita ukingo, la sivyo kreti ya juu itakalia matunda badala ya kukalia plastiki. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya safu na safu, kwani matunda huendelea kupumua na kutoa joto hata baada ya kuchumwa.

Hatua ya 4: Kataa mzigo wa kuchanganya. Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea. Niliwahi kukubali mikungu michache ya ndizi zilizoanza kuiva, nikiipakia Makambako ili kujaza nafasi iliyobaki. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na parachichi likiipata huharakisha kuiva. Tulipofungua turubai sokoni, kreti zilizokuwa jirani na ndizi zilikuwa zinabonyea kwa kidole, ilhali zile za mbele zilikuwa bado ngumu. Nauli ya ndizi haikufidia hata robo ya hasara.

Hatua ya 5: Hesabu saa kutoka mwisho. Ukitaka kufika sokoni Buguruni saa kumi alfajiri, ondoka Njombe saa sita mchana. Sababu ni joto: ukishateremka mlima Kitonga unaingia bonde la Ruaha Mbuyuni, ambako mchana hali ya hewa ni ya tanuri ukilinganisha na ulikotoka, nawe utapita hapo jua limekwisha kuzama. Wakati wa mchana turubai liinuliwe juu ya kreti, lisiziguse. Usiku lifunguliwe kidogo upande wa mbele ili upepo upite. Dereva apewe muda wa kutosha, kwani Kitonga haitaki haraka, na ndani ya Hifadhi ya Mikumi mwendo una kikomo kwa ajili ya wanyama.

Hatua ya 6: Maliza mizani na ushuru kabla ya kuondoka. Pima gari likiwa limepakiwa, na stakabadhi ya ushuru wa halmashauri akae nayo dereva. Gari lililozuiliwa mizani kwa kuzidisha uzito linaoka matunda yako.

Hatua ya 7: Chambua kabla ya dalali kufungua mzigo. Yaliyoanza kulainika yaende kwa wauza juisi siku hiyo hiyo. Magumu yauzwe kwa kilo, wala usikubali bei ya jumla inayochanganya yote mawili.