Kupangia sanaa nafasi katika wiki ya mtoto wa mwaka wa 7 na wa 8 wa shule, Lubumbashi

Kabla ya kumtafuta mwalimu wa gitaa au wa kuchora, kaa na orare (ratiba) ya shule, karatasi na kalamu. Usianze wiki ya kwanza ya Septemba. Orare ya mwanzo huwa ya muda, hubadilika mara mbili tatu mpaka walimu wote wapatikane. Ukilipia masomo ya sanaa ya Jumatano kabla orare haijatulia, unaweza kukuta Jumatano hiyo imewekwa maabara ya sayansi mchana. Ngoja wiki mbili au tatu, kisha uliza kwa prefe, mkuu wa shule, kama orare hiyo ndiyo ya mwaka.

Sasa piga hesabu ya kweli. Chukua mtoto wa zamu ya asubuhi, amekwisha kufika nyumbani, amekula, amevua uniforme. Tuseme kuanzia 15:00 mpaka 18:00 ni wakati wake: saa 3 kwa siku, saa 15 kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Kazi za nyumbani, kuchota maji, vyombo, kutumwa dukani: dakika 45 kwa siku, jumla saa 3 na dakika 45. Devwari (kazi za shule za kufanyia nyumbani) na kurudilia masomo: dakika 75 kwa siku, saa 6 na robo. Zimebaki saa 5. Kama anaimba kwaya, mazoezi mawili ya saa moja moja yanaondoka. Zimebaki saa 3 kwa wiki nzima, na wazazi wengi walikuwa wanafikiri ziko 10.

Hapo ndipo mpango mwingi unavunjika. Mtoto anayekaa Ruashi na kufundishwa katikati ya mji akitumia dakika 40 kwenda na 40 kurudi, somo la saa moja linakula saa 2 na dakika 20. Anabaki na dakika 40 za kufanya mazoezi kwa wiki. Mwalimu atalalamika mtoto haendelei, mzazi atasema mtoto mvivu, na wote watakuwa wamekosea: ni barabara ndiyo iliyokula mazoezi. Kwa hiyo somo lenye safari liwekwe Jumamosi, na siku za shule ziachiwe mazoezi ya nyumbani tu. Safari yenyewe ipimwe kwa saa ileile ya somo, tena siku ya mvua. Kuanzia Novemba mpaka Machi mvua kubwa hupenda kunyesha mchana, na basi ndogo zinakuwa chache palepale watu wanapozihitaji.

Pia sanaa zote hazitaki wakati wa namna moja.

Gitaa, kinanda, ngoma na kuimba vinataka kidogo kila siku. Dakika 20 mara 5 kwa wiki zinazidi kwa mbali saa 2 za Jumamosi peke yake. Kwa gitaa sababu ni ya mwili kabisa: ngozi ya ncha za vidole inauma wiki mbili tatu za kwanza, halafu inakomaa, ukiacha siku nyingi inalainika tena na mtoto anarudi kwenye maumivu. Mpe gitaa la nyuzi za nailoni kwanza, za chuma zinakata vidole vya mtoto. Mtindo wa Katanga aliousambaza mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, wa kupiga kwa kidole gumba na cha shahada, ni shule nzuri. Wiki ya kwanza kidole gumba kishike besi peke yake, polepole, mpaka kisiteleze. Cha shahada kije baadaye. Zigawe dakika 20 hivi: 5 za kuweka nyuzi sawa na kupasha vidole, 10 za kipande kimoja kigumu, 5 za wimbo anaoupenda. Mara nyingi watoto huanza na wimbo wanaoupenda na kuishia hapo.

Kama mtoto yuko kwaya, tayari anasoma muziki. Mwombe kiongozi wa kwaya amfundishe kusoma noti, dakika 15 kabla ya mazoezi. Ni faida isiyo na minervali (ada ya masomo) ya pili.

Kuchora kwa rangi ni kinyume: kunataka kipande kimoja kirefu kisichokatwa. Saa 2 za guwashi (rangi nzito ya maji) huenda hivi: robo saa ya kubandika karatasi na kuchanganya rangi, saa moja na robo ya kupaka, robo ya kusubiri ikauke, robo ya kuosha brashi. Ukimpa saa moja tu, kazi yenyewe ni nusu saa, na hapo ndipo anapopaka rangi ya pili juu ya ya kwanza ingali mbichi. Nyekundu na kijani zinageuka matope, mtoto anasema hana kipaji. Hakukosa kipaji, alikosa dakika 15. Wakati wa mvua rangi huchelewa zaidi na karatasi hujikunja. Ibandike pande zote 4 kwa skochi ya karatasi juu ya ubao wa tripleksi, uiondoe ikiwa imekauka kabisa. Kama brashi hazijapatikana, mtoto asisubiri. Bela, mmoja wa wachoraji wa karakana ya Hangar aliyoifungua Pierre Romain-Desfossés hapa mjini mwaka 1946, alichora kwa ncha za vidole. Kwa penseli mambo ni rahisi: HB, 2B na 4B (kutoka ngumu mpaka laini), daftari, na dakika 10 popote.

Teatre na densi ni za kundi. Uliza tarehe ya onyesho kabla ya kumwandikisha, kwa sababu wiki 3 za mwisho mazoezi huongezeka mara mbili. Zikiangukia mitihani ya semesta, mtoto achukue nafasi ndogo jukwaani. Kujiondoa katikati kunawaumiza wenzake wote.

Mtoto wa zamu ya mchana amebahatika, ingawa wengi hawaoni hivyo. Kuanzia 8:00 mpaka 10:00 ana mwanga mzuri na kichwa kipya. Devwari azimalize kwanza, 6:30 mpaka 7:45, kwa maana rangi hazikubali kuachwa upesi.

Mitihani ikikaribia, punguza, usifute. Wiki mbili kabla, gitaa libaki dakika 10, rangi zigeuke penseli, somo la Jumamosi liahirishwe kwa kumjulisha mwalimu mapema na kukubaliana naye kama litalipiwa. Mtoto aliyesimamishwa kabisa mwezi mzima mara nyingi harudi.

Wa mwaka wa 8 anayefikiria kuendelea na sanaa aanze sasa kuweka kazi zake katika folda ya kartoni, kila moja na tarehe nyuma, hata zilizoharibika. Masharti ya kuingia Institut des Beaux-Arts yaulizwe palepale shuleni kwao kabla ya Pasaka.