Usianze na Simba: Kuwafundisha Watoto Wanyama wa Nchi Kavu Nyumbani

Simba ana sifa nyingi, lakini huwezi kumfungua mdomo mtoto akaona. Mbuzi unaweza. Ndiyo maana mimi, ninayewafundisha wanangu nyumbani huku Kibosho, somo la wanyama naanzia bandani.

Mpangilio nimeutoa Mwanzo 1:24-25, siku ya sita: wanyama wa kufugwa, vitambaavyo, na wanyama wa mwitu. Tunasoma mistari hiyo baada ya sala ya asubuhi, kisha tunatoka nje. Kundi la kufugwa ndilo linalokula muda, na ni halali yake.

Tafuta mbuzi aliyezoea watu. Mtu mzima amshike, wewe uinue mdomo wa juu taratibu. Waulize watoto meno ya mbele yako wapi. Chini yapo manane, juu hakuna hata moja, ni ufizi mgumu tu. Waache wabishane kidogo. Kisha waonyeshe meno makubwa na madogo: akifika kama mwaka mmoja, mbuzi hung'oa jozi ya katikati ya meno ya utoto na kuota makubwa, halafu jozi nyingine hufuata kwa takriban mwaka mmoja mmoja mpaka zitimie nne. Ndivyo wanunuzi mnadani wanavyokisia umri kabla ya kutoa hela. Mwanangu wa pili siku hizi haamini umri wa mbuzi wa mtu yeyote mpaka auone mdomo.

Jioni mbuzi wakishalala, kaeni mtazame shingo. Tonge linapanda, taya zinakwenda upande, tonge linashuka. Huko ndiko kucheua. Hapo fungueni Walawi 11, Musa anapowapa Waisraeli alama mbili: kwato zilizopasuka na kucheua. Piga mistari kwenye daftari, mtoto ajaze mwenyewe. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana zote mbili. Punda hana hata moja. Nguruwe ana kwato tu. Ngamia, ambaye wafugaji wa kaskazini ya Mlima Meru wanaye, anacheua, lakini anakanyagia wayo laini wenye vidole viwili. Majirani zetu Wasabato hawali nguruwe, sisi Walutheri tunakula. Siku hiyo sifundishi nani yuko sahihi, nafundisha kwato.

Mtoto mwenye akili atakukamata kwenye sungura. Walawi inamtaja kuwa anacheua, na kizimbani kweli taya zake hazitulii. Lakini sungura hana tumbo la vyumba vinne kama la mbuzi. Anachofanya ni kutoa kinyesi laini na kukila palepale, ili chakula kipite tumboni mara ya pili. Watoto watacheka na kuziba pua, waache. Usimkemee anayeuliza. Mimi huwajibu kwamba Musa alitoa alama za kuonwa na macho ya mchungaji, hakuwa akipasua matumbo. Kama mchungaji wa usharika wenu ana jibu zuri zaidi, mkaribisheni chai.

Desemba ndugu wakipanda kutoka Dar na mbuzi akachinjwa, omba tumbo kabla halijaingia kwenye supu. Lioshe, ulifungue, wahesabu vyumba: kikubwa chenye vinyweleo vifupi, cha pili chenye vijishimo vya pembe sita, cha tatu chenye ngozi zilizopangana kama kurasa, na cha nne laini. Fuvu la mbuzi huyo lichemshe, likauke, uliweke kabatini. La mnyama wa porini usiokote: kukaa na nyara za wanyamapori bila kibali ni kosa kisheria.

Kwenye vitambaavyo, kinyonga anatosha. Wengi tumekuzwa tukiambiwa ni mkosi, na watu wazima bado wanampiga fimbo. Hana sumu. Mtafuteni kwenye ua wa michongoma, mtazame jicho moja likienda mbele na jingine nyuma, na vidole vyake vitano vilivyogawanyika viwili kwa vitatu ili vishike tawi. Mkimaliza mwacheni hapohapo. Nyoka kwetu hashikwi, hata aliyekufa.

Wa mwitu, anza na mbega. Kwa watu wa Moshi, Msitu wa Rau uko karibu na mbega wapo. Mbega hana kidole gumba cha maana, na mtoto wake huzaliwa mweupe kabisa. Mfunge kila mtoto kidole gumba kwa kitambaa, kisha umwambie amenye ndizi. Hiyo hawaisahau. Kwa twiga, pimeni uani kwa kamba kimo chake, kama mita tano, wajilaze kando yake wahesabu ni watoto wangapi. Halafu waambie shingo yote ile ina mifupa saba, sawa na yao. Pimbi ndiye wibari wa Mithali 30:26, mdogo anayejenga kwenye miamba, na wataalamu wanamweka kwenye ukoo wa karibu na tembo. Wanangu hawajakubali mpaka leo.

Ukipata nauli, nendeni Hifadhi ya Arusha. Twiga, nyati na mbega wanaonekana vizuri, na unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi. Beba kitambulisho ulipie kiingilio cha Mtanzania. Chapati ziache ndani ya gari, vioo vikiwa juu, maana nyani wa kule hawaombi.